Mkono wa Bibi Kwenye Mlango wa Kura

Wenzangu mnaobaki na mabasi, najua mnaicheka kanuni ya tisa. Imebandikwa kwenye ukuta wa chumba chetu cha kupumzikia, kati ya kanuni ya kutokula mbegu za alizeti ndani ya basi na ile ya kiyoyozi, nayo inasema: maziwa ya mnyama hayaleti undugu. Kila anayeanza kazi huisoma, akarudia, akauliza, akaambiwa kamuulize Mama Tatu. Sasa Mama Tatu, yaani mimi, amestaafu, yuko Tanga, na bado mnampigia simu wakati wa kula. Kwa hiyo naandika mara moja, nisiulizwe tena.

Vyeo nitaviruka, kwa sababu kilikuwa kimoja, niliingia nacho nikatoka nacho. Mshahara nao nauacha. Tulibishana mimi na yeye miaka yote ile na hakuna aliyeshinda.

Nilifika Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikitokea kuuza mitumba, kazi inayokufundisha kumtazama mtu mikono kabla ya uso. Nilipata kitanda Al Mansoura, na kazi kwenye mabasi ya chuo kimoja cha wasichana. Kazi yenyewe mnaijua, lakini kwa atakayeyasoma haya bila kutujua: mushrifa ni yule mwanamke anayekaa kiti cha mbele, jirani na mlango, ahakikishe kwamba wasichana waliopanda ndio watakaoshuka. Wakati ule nyumba nyingi za wenyeji zilikuwa na mabinti wanne na dereva mmoja, na dereva alikuwa wa mama. Elimu ya juu ilisafiri kwa basi.

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura, Mzanzibari aliyebakiza wiki moja arudi kwao, na wiki ile aliitumia yote kunisema.

"Wafanya nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nahesabu vichwa, bi mkubwa."

"Vichwa! Vyote vyeusi, vyote vinageuka, nusu vimeinama vinatafuta simu. Hesabu viatu, mwanangu. Ugawe kwa mbili, kisha urudie."

Siku ya tatu nikapata viatu ishirini na tisa. Nikarudia, ishirini na tisa vilevile. Nikasimamisha basi katikati ya Al Sadd, magari nyuma yetu yanapiga honi kama harusini, nikakagua kiti kwa kiti. Binti mmoja alikuwa amemrushia mwenzake kiatu, na kiatu kikarukia nje kupitia dirishani. Tulirudi kukifuata. Kilikuwa kimekanyagwa na teksi, lakini nilikihesabu.

La pili alilonipa lilikuwa pakiti ya pini. Kabla hujamwambia dereva "yalla", tazama chini mlangoni, kwa sababu pindo la abaya huchelewa kuingia kuliko mwenyewe. Nimeshona mapindo mengi kwa pini kuliko fundi yeyote wa Al Mansoura, na sikumwambia mtu arudi kesho.

La tatu ndilo lililozaa habari hii yote. Msichana hashushwi mpaka mkono wa mtu wa kwao uonekane getini. Nasema mkono kwa sababu ndicho kitu pekee utakachokiona. Geti linafunguka kiasi cha shubiri moja, mkono unatoka, binti anaingia, geti linafungwa. Kwa miaka yote ile nilizijua familia za mtaa wa Abu Hamour kwa mikono. Kulikuwa na mkono wa hina, mkono wa bangili sita, mkono wenye unga hadi kwenye kiwiko. Ningekutana na wenye mikono hiyo sokoni nisingewatambua, mpaka wanipe chenji.

Kuna siku geti moja lilitoa mkono wenye pete nisiyoijua, jiwe la kijani kubwa kama kunazi. Nikakataa kumtoa binti.

"Ni mama yangu, khala," binti akasema. Khala ni mama mdogo, ndivyo walivyokuwa wakituita.

"Mama yako hana pete hiyo."

"Amenunuliwa leo!"

"Na nani?"

Nyuma ya geti sauti ikacheka, ikajibu, "Na mume wangu, na nilimtesa mwezi mzima. Mwambie mushrifa aje aishike aone kama ni ya kweli." Nikashuka, nikaishika. Ilikuwa ya kweli. Nikamkabidhi binti, nikauliza na duka.

Dereva wangu kwa miaka mingi alikuwa Ouma, Mkenya wa Kisumu, mtu mpole aliyeogopa vitu viwili tu: kamera za barabarani na neno siasa. Nilipokuwa nazungumza na wasichana kwa Kiarabu changu cha basi, yeye alikuwa akiniangalia kwenye kioo. "Mathe, wanasema nini hao?" Nikimwambia wanazungumza habari za mtihani, anatulia. Nikichelewa kumjibu, anaanza kuendesha polepole.

Basi, mwaka mmoja ulikuwa wa uchaguzi wa baraza la manispaa. Katika njia yetu alikuwepo binti akiitwa Nura, wa mwaka wa mwisho. Geti lake ndilo la kwanza tukiingia Abu Hamour. Mtu mwembamba, sauti nene, hajui kusoma kimya. Alikuwa na somo la historia, na alilisoma basi zima likisikia: jinsi wanawake wa nchi za mbali walivyohangaika kuingia vyuoni, wakiambiwa kwamba hesabu zitawakausha vizazi, na jinsi walipokwisha kuingia na kufaulu wakauliza swali moja tu. Kama naweza kusahihishwa mtihani wangu sawa na kaka yangu, mbona kura yangu haihesabiwi sawa na yake? Wakaandamana, wakafungwa, wakatoka, wakaandamana tena.

"Sisi je?" binti mmoja wa nyuma akauliza. "Sisi tumezuiwa na nani?"

Jibu lilikuwa la ajabu. Hawakuzuiwa na mtu. Wanawake waliruhusiwa kupiga kura tangu baraza lile lilipoanza kuchaguliwa. Wale wa kitabuni walikuwa na akili, na miguu, na hasira, wakakosa mlango. Hawa wa basini mlango ulikuwa wazi, tena una zulia. Hawakuwa na namna ya kufika.

"Baba yako anakataa?" nilimuuliza Nura.

"Hakatai, khala. Anasema kesho."

"Na siku ya kura?"

"Siku ya kura pia atasema kesho."

Mmeona? Mtu akikukataza unaweza kumgomea, lakini huyu anayesema kesho, tena kwa mapenzi, huku anakununulia aiskrimu, utamwandamania wapi? Kura kwao, baba wale walisema, ni mambo ya watu wenye shida ya mitaro. Na dereva siku hiyo atakuwa na mama.

Nura alikuwa amewahimiza wenzake wote wa njia yetu wakajiandikisha, jumla kumi na saba. Akamwandikisha na bibi yake pia, mama mzazi wa baba yake. Alitaka jambo moja: kabla hajamaliza chuo, yeye na bibi yake waingie kupiga kura siku moja, mlango mmoja. Kituo cha wanawake kilikuwa shule ya wasichana, na basi letu lilipita mbele yake kila siku. Likipita tu.

"Simama pale dakika chache," Nura aliniomba.

"Basi halisimami ila kwenye mlango wenye mkono."

"Bibi yangu atatoa mkono."

"Bibi yako atakupokea wewe. Hawa kumi na sita nimkabidhi nani, mlinzi?"

Akafikiri kutoka Al Sadd mpaka kwao. Tulipofika, bibi mwenyewe alikuwa getini kama kawaida, mkono umetangulia, mkavu, una hina iliyofifia kwenye kucha. Nura akamnong'oneza. Geti likafunguka lote, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na bibi akatoka, mfupi, na barakoa ya vikongwe wa kwao usoni, akapanda ngazi ya basi letu akasimama mbele yangu.

"Wewe ni Mwislamu?" akaniuliza.

"Alhamdulillahi, bibi."

"Kwenu mtoto akinyonya ziwa la mtu anakuwa nani?"

"Mtoto wake wa ziwa."

"Na binti wa mtoto huyo?"

Nikaona mtego. Mimi nimeuza mitumba, najua mtu anapokupangia bei kwa maswali. Lakini lililo kweli ni kweli. "Mjukuu," nikasema.

"Vizuri." Akageukia viti. "Wewe wa dirishani, baba yako nani?"

Binti akamtaja.

"Nilimnyonyesha. Mama yake alikuwa na homa siku arobaini. Aliniuma huyo! Nani tena?"

Basi likageuka mahakama. Bibi yule alikuwa amenyonyesha nusu ya mtaa wa zamani, enzi ambazo nyumba zilikuwa za udongo na hospitali ilikuwa mbali. Mmoja baada ya mwingine walitaja baba zao, na yeye alijibu kwa tabia ya mnyonyaji: huyu mlafi, huyu alilala katikati ya kunyonya, huyu alikuwa na kichwa kikubwa, bado anacho? Ouma alikuwa akinitazama kwenye kioo.

"Mathe, hii ni nini inaendelea?"

"Wanazungumza habari za mtihani."

"Mtihani gani huo bibi anashika matiti?"

Tukafika kwa wa mwisho, binti mtulivu aliyeitwa Dana. Baba yake hakunyonya kwa bibi. Mama yake naye hakunyonya. Bibi akasimama, akafikiri, kidole kwenye barakoa.

"Mama yake," akasema, "alilelewa na maziwa ya mbuzi wangu."

"Bibi," nikamwambia kwa heshima zote, "maziwa ya mbuzi hayaleti undugu."

"Mbuzi alikuwa wangu."

"Hata hivyo."

"Alikuwa na jina."

"Bibi, hata kama alikuwa na cheti cha kuzaliwa."

"Kila asubuhi nilimkamua kwa mkono huu." Akaunyoosha. "Si ndio huu mkono mnaoutaka?"

Dana alikuwa ananitazama. Wenzake wote walikuwa wajukuu tayari, na yeye peke yake alibaki mgeni kwenye basi alilopanda miaka mitatu. Nikatoa bei yangu: mbuzi atakubaliwa, lakini Dana atashuka wa kwanza na atakaa karibu na bibi mpaka aje wa kwao. Bibi akaongeza yake: akishapokea, habanduki mlangoni mpaka wa mwisho achukuliwe, maana mpokeaji hafanyi matembezi. Tukapeana mikono. Nilihisi nimepata nafuu, na kwa kawaida hisia hiyo maana yake umepunjwa.

Ouma nilimweleza usiku wa kuamkia siku yenyewe, asipate muda wa kuugua.

"Mathe, wacha hizo. Sisi tunabeba watu, hatubebi kura. Hii stori itatufikisha airport bila viatu."

"Utasimama penye mkono. Ukiona mkono, unasimama. Kuna kosa gani?"

Akanung'unika mpaka Al Mansoura, ila asubuhi alikuja amenyoa.

Siku ya kura tulitoka chuoni saa tisa na nusu, mlango wa kituo ukifungwa saa kumi na moja. Nje ya shule kulikuwa na mabango ya wagombea. Mmoja alikuwa mwanamke aliyesoma chuo hichohicho. Hakuweka picha yake, aliweka ya taa ya barabarani. Wasichana walimwita Bibi Taa, wakabishana kama ni mchoro au ndivyo alivyo.

Mlango wa ukumbi wa wanawake ulikuwa wazi kiasi cha shubiri moja, na mkono ulikuwa nje.

Sitausahau. Bibi alikuwa ameupaka hina mpya. Nikamshusha Dana, mkono ukamshika, ukamvuta. Nikamshusha wa pili, mkono ukatoka tena. Kumi na saba, mmoja mmoja, hakuna aliyegusa ardhi ya Abu Hamour bila kushikwa. Nura alishuka mwisho. Akaniambia, "Khala, twende na wewe."

"Mimi si wa hapa. Kura yangu iko Tanga, na yenyewe imenisahau."

Mlango ukafungwa. Ouma akashusha pumzi. "Sasa tuende tulale."

"Njia haijaisha," nikamwambia.

Kwa kweli hilo sikuwa nimelipangia. Tulikuwa tumejadiliana juu ya kushuka, tukasahau kurudi. Basi halipakii ila chuoni, na waliokwisha kukabidhiwa si wangu tena. Tukaendelea na njia yetu, basi tupu, viatu sifuri, nikahesabu mara mbili, sifuri. Kwenye kila geti tulisimama, na kwenye kila geti mkono ulitoka, ukangoja, ukapapasa hewa.

"Binti yuko wapi?"

"Nimemkabidhi kwa bibi yake."

"Bibi yake alifariki!"

"Wa ziwa, mama. Yuko shule ya wasichana. Anapiga kura."

Hapo unasikia kandambili zinakimbia ndani, na sauti ya mwanamume inaitwa kwa jina lake lote. Kwenye geti la kina Dana nilisema, "Wa mbuzi," nikamwambia Ouma aondoe gari kabla hawajauliza.

Tukirudi kuegesha tulipita tena mbele ya shule. Mbele yake palikuwa na magari makubwa yameegeshwa kila upande, na baba kumi na kitu wamesimama kwenye jua kama watoto waliochelewa shule. Bibi alikuwa mlangoni, sasa ametoka mwili mzima, anawafokea.

"Nyote mlinyonya kwangu na nyote mlikuwa hamchelewi! Leo mmechelewa! Ukumbi wa wanaume ule pale. Ingieni."

"Mama, tumekuja kuwachukua mabinti tu," akasema baba yake Nura, mtu mzima, mwenye ofisi yenye sekretari wawili.

"Mabinti nawatoa kwa anayetoka ndani ya ukumbi ule. Asiyejiandikisha asimame pembeni ajionee haya. Wewe! Mwenye kichwa! Usijifiche nyuma ya gari."

Na wakaingia, wakubwa wale, foleni moja, ndugu wa ziwa, wakishikana mabega. Mmoja alikuwa anauliza wagombea ni kina nani. Kila aliyetoka alipewa binti yake, kwa mkono. Ouma alizima injini bila kuambiwa. "Sasa hii," akasema, "hii ni siasa?"

"Huu ni mtihani."

Wa mwisho kuchukuliwa alikuwa Dana. Mama yake alikuja akamkumbatia bibi muda mrefu. Na walipoachana, mlango wa ukumbi ukafungwa kutoka ndani, saa kumi na moja kamili. Nura aligonga. Alieleza kwa sauti yake nene kwamba bibi yake ameandikishwa, kwamba alikuwa pale mlangoni tangu mchana akimngoja waingie pamoja, kwamba wasimamizi wote walimwona. Wakamjibu kwa adabu kwamba muda umekwisha. Akakaa kwenye ngazi akalia, na pindo la abaya yake lilikuwa limechanika. Nikashuka na pini.

"Unalilia nini?" bibi akamuuliza. "Nimepiga kura kumi na saba za mabinti na nyingine za wale vichwa vikubwa. Yangu tu ndiyo iliyokosa nafasi."

Lakini niliutazama ule mkono wa hina mpya. Hakujua aufanyie nini.

Bibi Taa alishindwa, ila si kwa aibu. Wanasema kura za ukumbi wa wanaume zilimshangaza hata yeye. Mtaro wa pale kona, mkiupita sasa, una mfuniko.

Kesho yake niliitwa na msimamizi wa mabasi, Ustadh Fawzi, Msudani asiyecheka siku za kazi. Kilichokuwa mezani ni tiketi yangu ya kurudi nyumbani, kwa maneno tu, lakini niliiona.

"Uliwashusha wasichana barabarani?"

"Niliwakabidhi, ustadh. Mkono kwa mkono, kwa mtu wa kwao."

Akaniuliza mmoja mmoja. Nikamtajia kila ziwa. Alikuwa mtu wa dini, hakuweza kulipinga hata moja. Tukafika kwa Dana.

"Na huyu?"

"Mbuzi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mbuzi wa nani?"

"Wa bibi. Alikuwa na jina."

Akachukua kalamu akaandika kanuni ya tisa, akaniambia nikaibandike mwenyewe, na kwamba kanuni haianzi kazi jana, inaanza leo. Hivyo nikabaki. Mkiicheka, kumbukeni kwamba ndiyo iliyonibakisha Doha.

Mwaka uliofuata Nura alihitimu. Mwanzo wa muhula mpya tulifika geti lake, nikamwambia Ouma apitilize, hatuna mtu tena pale. Lakini geti lilikuwa wazi lote, na bibi alikuwa nje, na mkoba.

"Unapanda kwenda wapi, bibi?"

"Chuoni. Darasa la watu wazima, la kusoma na kuandika. Wamenikubali."

"Mwanao ana magari manne."

"Anasema kesho." Akapanda, akachagua kiti cha dirishani. "Na kanuni yako inasema basi hili hubeba wanafunzi. Nimekuwa mwanafunzi. Unasemaje?"

Nikamwambia Ouma "yalla". Wanawake wa kitabu cha Nura walisoma, kisha wakadai kura. Huyu kura alikuwa nayo, akaenda kusoma ili apate basi. Alisoma miaka mitatu, akagombana na herufi moja baada ya nyingine, akala mbegu za alizeti nyuma ya kiti cha Ouma na hakuna aliyethubutu kumwonyesha ukuta. Siku moja alinisomea bango la duka zima, mpaka namba ya simu, akaniuliza kwa nini watu wanaandika mambo ya kipuuzi namna ile baada ya kuhangaika kujifunza.

Uchaguzi ukarudi. Siku yenyewe wasichana walikuwa na madereva wao, hata baadhi waliendesha wenyewe, na walikwenda asubuhi. Katika basi la mchana kura ilikuwa imebaki moja. Nikamwambia, "Bibi, Nura angekupeleka asubuhi kwa gari lake."

"Sitaki kupelekwa. Nataka kukabidhiwa."

Ouma alisimama mbele ya shule bila kuambiwa. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kiasi cha shubiri moja. Nura, ambaye sasa alikuwa mwalimu na siku ile msimamizi wa kituo, alikuwa nyuma yake, na mkono wake ulikuwa nje. Ulikuwa na hina.

Bibi alisimama ngazini. Nikatazama chini mlangoni, pindo lilikuwa salama. Nikahesabu viatu: viwili. Nikagawa. Nikarudia.

Mmoja, nikamkabidhi.